Maji ya Jina la Kabwe

Nyuma ya nyumba yangu kuna pipa la plastiki la bluu, na ndani yake munkoyo unachacha tangu juzi. Asiyeujua munkoyo nitamweleza kwa ufupi: ni kinywaji cha uji wa mahindi na mizizi ya porini iliyopondwa, kitamu kidogo, kichungu kidogo, na kabla hakijaiva kinanuka udongo uliolowa na unga uliosahauliwa guniani. Wanaoupika ni shangazi zangu, kwa ajili ya siku ya kumaliza kilio cha mama yangu. Kanisa la Mama halipendi mambo ya mapipa nyuma ya nyumba. Basi mbele washirika wanaimba, nyuma shangazi wanakoroga, na mimi katikati napita na sahani, miguu imevimba, nikitabasamu pande zote mbili. Jamani, nimechoka.

Asubuhi hii nilifunua pipa nione kama umeiva. Ile harufu ikanipanda puani, na papo hapo nikawa na miaka tisa, nimekaa kwenye mkeka, miguu nimeinyoosha, watu wazima wamenizunguka na wote wananitazama mdomoni. Nikaziacha sahani. Nimejifungia katika chumba cha watoto na ninaandika kwenye daftari la mmoja wao. Wakinitafuta, hamjaniona.

Kuna neno nililomwambia nyanya yangu nikiwa mtoto ambalo sijawahi kumsimulia mtu. Nataka nilitoe kabla sijarudi kwenye sahani. Kiswahili changu cha kuandika nimekitoa kwenye Biblia na vitabu vya shule ninakofundisha. Kile cha nyumbani kwetu Likasi kitajitokeza chenyewe wenye nyumba wakianza kusema.

Tulikuwa tunakaa Kikula. Baba alifanya kazi kwenye matanuru ya chokaa kule Kakontwe, na jioni alirudi na nyusi nyeupe kiasi kwamba kaka zangu wawili walimwita mzee kabla hajazeeka. Mama aliuza samaki wakavu sokoni. Nyanya yangu, mama yake Baba, ambaye sote tulimwita Kambo kama kila nyanya anavyoitwa kwetu, alikuwa na chumba cha nyuma chenye dirisha moja dogo. Na ndani ya chumba hicho, kwenye godoro la sakafuni, alilala kitindamimba wake, Kabwe, mdogo wake Baba, kijana mrefu ambaye miguu yake ilitokeza nje ya blanketi kila asubuhi.

Kabwe alikuwa wa mkono wa kushoto, na mimi vilevile. Shuleni mwalimu alinichapa vidole ili niuhamishe ugali wangu na kalamu yangu upande wa kulia, na kila nilipolia nyumbani Kabwe alinikalisha mlangoni, akanipa kipande cha chokaa cha Baba, tukaandika kwenye saruji, yeye na kushoto kwake, mimi na kushoto kwangu. Ndiye aliyenifundisha kusoma. Familia nzima ilikuwa imejibana ili yeye akasome Mulungwishi awe mwalimu. Mwaka wa pili alirudi na godoro lake kichwani. Alisema wenzake wote wamekwenda kuchimba kwenye mashimo ya upande wa Shinkolobwe, na yeye anakwenda.

Kambo alikuwa anatwanga sombe, ndiyo kisamvu kwetu. Hakuacha kutwanga. Walibishana saa nzima, yeye na mtoto wake, mchi ukipanda na kushuka kati yao, na sisi watoto tukisimama ukutani. Mwishowe Kambo akausimamisha mchi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ukienda kule, usinirudilie hapa tena."

Kabwe akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, hasa pale ambapo hapakuwa na cha kuchekesha. Akafunga godoro kwenye kinga yake, ndiyo baiskeli kwetu, akanishika vidole vya mkono wa kushoto akaniambia, "Usikubali bakubadilishe," akaondoka.

Miezi miwili baadaye ardhi ikaanguka juu yao. Rafiki zake wawili walikaa kwenye ule mdomo wa shimo siku tatu wakichimba, kisha wakaja kwetu na kinga, na viatu vyake alivyokuwa ameviacha juu. Mwili hawakuupata. Kabwe alibaki hukohuko chini hadi leo ninapoandika.

Kwetu kaburi tunaliita malalo, mahali pa kulala. Kabwe hakuwa na malalo. Hakukuwa na jeneza la kulilia, wala msalaba wa kupaka chokaa, na Baba mwenye chokaa yote ile hakujua aipeleke wapi. Katika kilio watu waliketi wakitazama viatu. Kambo hakulia kama wenzake. Kila aliyeingia kumpa pole alimwambia maneno yaleyale: "Nilimwambia asirudie. Njo vile hakurudia." Kurudia kwetu ni kurudi, na njo ni ndiyo. Wanawake walimshika mabega, wakasema, hapana mama, usiseme vile, shimo haisikiake maneno ya muntu. Naye aliwatazama, akawaacha wamalize, akayasema tena kwa anayefuata.

Ndipo siku ya kumaliza kilio ilipofika, na munkoyo ukachacha, na wazee wakaulizana nani anywe maji.

Hii ni desturi ya kwetu, naieleza kwa wasioijua. Mtu akifa, jina lake haliachwi lizurure. Mmoja wa ukoo, mara nyingi mtoto, hukalishwa mkekani na kunyweshwa maji yenye unga kidogo, na tangu hapo jina lile ni lake na yule marehemu ana mahali pa kufikia. Wanamheshimu mtoto kama alivyoheshimiwa mwenye jina. Wazee walimtaka kaka yangu mkubwa. Kambo akakataa. Alitaka wa kushoto. Mjomba mmoja akapinga kwamba mimi, Odile, ni mtoto wa kike, na Kambo akamjibu bila kumtazama, "Jina haivalake suruali." Basi, mambo yakaishia hapo.

Walinifunga ushanga mweupe mkononi. Kambo akaleta kikombe cha bati, akainama mbele yangu, na hapo ndipo nilipoona kwamba midomo yake inatetemeka. Akasema, "Kabwe, rudia. Nyumba njo hii." Akaninywesha. Nami kwa woga nikayavuta maji puani badala ya kuyameza, nikapaliwa, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka na nusu ya maji ikamrukia kifuani.

Mkeka mzima ukapiga vigelegele. "Ameingia! Ameingia!" Wanawake wakanibeba juujuu. Nilidhani nimefanya vizuri sana. Kambo peke yake hakupiga kigelegele. Alikuwa anajipangusa kifua polepole, na kwa kuwa nilikuwa karibu naye nilimsikia akiuliza, nadhani alijiuliza mwenyewe, "Ao anakatala?"

Au anakataa. Neno hilo sikulitilia maanani, kwa sababu maisha yangu yalikuwa yamenyooka ghafla. Nilipewa kiti. Kuku akichinjwa, firigisi ilikuwa yangu, na kaka zangu waliitazama ikisafiri kutoka sufuriani hadi kwenye sahani yangu kwa macho ya watu walioporwa. Baba, ambaye huzuni yake aliificha kwenye mzaha, alirudi kazini na kunisalimia, "Mudogo, namna gani?" akaniuliza mbele ya watu kama tununue betri za redio au tungoje. Nilijibu kwa kufikiri sana. Nilimwambia tungoje. Tukangoja mwezi mzima bila redio, na hakuna aliyethubutu kunilaumu.

Na Kambo? Kambo alinichukua kila mchana. Nilipotoka shule nilimkuta ameketi karibu na mbabula, lile jiko letu la makaa, anabambua karanga, na kigoda cha pili kimeshawekwa. Aliniita tata, kama mama anavyomwita mwanawe wa kiume kwa kumpenda. Hakuniambia mambo ya kutisha. Alinisimulia mimi habari za mimi, yaani za Kabwe: jinsi nilivyozaliwa wakati wa mvua, jinsi nilivyomuuma jirani. Mara nyingine aliuliza maswali. Aliyauliza huku ameshusha macho kwenye karanga, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka ionekane anakitaka.

"Kule banakulaka nini?"

"Bukari," nilijibu. Ugali ndio niliouona unafaa.

"Na mboga?"

"Sombe."

"Ya nani? Nani anabapikia?"

Nikajitia karanga mdomoni. Akanitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Batakuwa banaila bila karanga. Mawe!" Mama wee, yaani. Akaendelea kubambua. Nilikuwa na hakika nimemsaidia.

Jueni kwamba katika nyumba ile ndogo wafu walikuwa na makao matatu. Kwa Kambo hawakwenda mbali. Walikuwa pembeni ya nyumba, wanasikia baridi, wanataka kusalimiwa. Jumamosi nilikwenda katekisimu kujiandaa kwa komunyo ya kwanza, na huko mwalimu wetu, mzee mwenye fimbo na sauti ya mafua, alikuwa na picha kubwa ya kuning'iniza ukutani: juu mbinguni, chini moto, katikati purgatori, ndiyo toharani, na wafu wote wamepangwa humo kwa safu. Nilinyoosha mkono nikamuuliza kama mtu anaweza kuwa purgatori na wakati huohuo ndani ya tumbo la mtu mwingine aliyemnywa. Nilifutishwa ubao wiki nzima. Baba nilipomuuliza aliniambia hajui, na kwamba kesho ana zamu ya asubuhi.

Makao ya tatu yaliletwa na Mama. Tangu Kabwe afe alikuwa ameanza kwenda na jirani katika chumba cha maombi karibu na soko, watu ishirini na ngoma moja. Mchungaji pale alimwambia kwamba majina ya wafu ni kamba. Anayebeba jina la aliyekufa kijana atavutwa na ile kamba na kufa kijana, kwa kifo kilekile. Mama alirudi nyumbani siku hiyo akiwa hana rangi. Alinitazama nikila firigisi yangu. Hakusema kitu kwa Kambo. Sikuwahi kumsikia akimpandishia Kambo sauti, si siku hiyo, si siku nyingine yoyote. Lakini usipopandisha sauti, bado unaweza kufanya jambo lako.

Mchana mmoja, Kambo akiwa amelala kidogo, Mama alinivika gauni la kanisani akanipeleka. Mchungaji alinishika kichwa. Walipiga kelele nyingi juu yangu kwa upendo mkubwa, kisha Mama mwenyewe akachukua mkasi akakata ushanga. Ulimwagika sakafuni na watoto wengine wakaanza kuuokota, wakafukuzwa. Njiani kurudi aliniinamia barabarani, katikati ya watu, akanishika mashavu. Mikono yake ilinuka samaki. "Weye ni nani?"

"Odile."

"Kambo akikuuliza, utamwambia vile. Unasikia? Usiseme bongo. Mungu haipendake bongo." Uongo, yaani. Nikaitikia. Wiki hiyohiyo katekisimu ilikuwa imefika kwenye amri ya kutosema uongo, kwa hiyo pande zote zilikuwa zimekubaliana juu yangu, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

Kambo aliuona mkono wangu kesho yake, kabla sijakaa. Mahali pa ushanga palikuwa na mstari mweupe wa ngozi. Hakuuliza ushanga umekwenda wapi. Ndani ya nyumba moja mambo hayo hayahitaji kuulizwa. Alichukua kiganja changu cha kushoto akakiweka gotini kwake. Mbabula ilikuwa na maharagwe juu, yanachemka. Nasikia bado kifuniko kinavyocheza.

"Tata," alisema, "minye ni mama yako, siwezi kukuficha. Ile siku ya maji ulikohoa. Njo ninakuuliza. Uliingia? Ao ungali unanikasirikia juu ya ile neno nilikuambia?"

Nataka mnielewe nilivyokuwa. Sikuwa mtoto mbaya. Nilikuwa mtoto aliyefundishwa vizuri na watu wengi kwa wakati mmoja. Nilivuta kiganja changu, nikasimama wima kama tulivyosimama mbele ya ile picha, nikasema kwa sauti ya kukariri:

"Minye siko Kabwe, Kambo. Minye niko Odile. Kabwe hakurudiaka. Bantu ya kufwa habarudiake."

Nikaongeza, kwa sababu nilitaka alama zote, kwamba Kabwe yuko purgatori.

Kambo akauliza jambo moja tu. "Alisema vile yeye mwenyewe? Kwamba hatarudia?"

Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini nilisema ndiyo. Nadhani nilitaka yaishe nikacheze. Ndiyo hiyo, neno moja, ndio uongo pekee niliousema siku ile, na ndilo neno pekee aliloliamini.

"Aksanti, Odile," alisema. Kwa miezi mingi hakuwa ameniita Odile. Akafunua sufuria, akaonja maharagwe, akasema bado chumvi.

Angekasirika ningefurahi. Angemgombeza Mama, ningejua pa kujificha. Hakufanya hata kimoja. Kigoda cha pili kilirudi chini ya meza. Alinipikia, alinisuka nywele, alinipongeza siku ya komunyo na gauni langu jeupe la kuazima, kwa adabu zote, kama mgeni aliyekuja kwenye sherehe. Firigisi ilirudi kwa Baba. Kaka zangu walinicheka kidogo kisha wakasahau. Hadithi za mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua zikakoma, na mimi, ambaye nilikuwa nimezoea kuwa na utoto wa aina mbili, nikabaki na mmoja.

Aliishi miaka miwili zaidi. Alipougua hakutaka padri aharakishwe. Mama ndiye aliyemwogesha, Mama ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko, mwezi mzima, bila kulalamika, na niliwaona wote wawili wakinyamaziana kwa upole ule wa watu wenye jambo kati yao. Siku za mwisho Kambo aliniambia kwamba hana hofu, ila haoni kama kuna mtu atakayekuja kumpokea. "Nitafika tu," alisema. "Nitaketi." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nimekwisha kuelewa kidogo nilichofanya, si chote, lakini kiasi cha kujua kwamba ningeweza kufungua mdomo pale pale. Nilimfunika miguu nikaenda kuchota maji. Akafa mimi nikiwa kwenye foleni ya bomba.

Tangu hapo nimekuwa mtu mzima, jambo ambalo halipumzishi kama watoto wanavyodhani. Nimefundisha, nimeolewa, nimezaa, nimepita umri wa Kabwe bila kamba yoyote kunivuta. Kila nilipopita umri ule mwaka mmoja zaidi Mama alishukuru Mungu kwa sauti, na sikumwonea kinyongo. Nilipopata binti wangu nilielewa ule mkasi. Mimi pia ningekata. Ningekata hata mkono.

Hilo la mkasi ndilo la kwanza nililochelewa kulielewa. La pili, kile Kambo alichokuwa akiniuliza, limenichukua hadi mwaka huu.

Mama aliugua figo, nikamleta kwangu. Mchana, jua likipungua, nilimtoa uani kwenye kiti cha plastiki, nikamfunika kitenge mapajani, nikasahihisha madaftari ya wanafunzi pembeni yake. Wachungaji walikuwa wanakuja kila siku kumwambia habari za mji wa dhahabu. Alisema amina kila mahali palipostahili amina. Wakiondoka alikunja uso. Nilidhani ni maumivu.

Mchana mmoja akaniita. "Kabwe."

Niligeuka kuangalia mlangoni nani ameingia. Hapakuwa na mtu. Nilipomrudishia macho alikuwa ananitazama mimi, mama yangu aliyenikata jina hilo kwa mkono wake mwenyewe mbele ya ngoma.

"Weye ulikunywaka maji," alisema. "Donc, basi, unaweza kuniambia. Mama ya papa yako. Nikifika kule, atanipokea namna gani?"

Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Nilifikiri atacheka aseme ni mzaha, lakini kidevu chake kilikuwa kinacheza. Miaka yote ile ya kukesha katika maombi, moto haukumtisha, hukumu haikumtisha; aliogopa kukutana uso kwa uso na mwanamke mmoja mdogo mwenye karanga mapajani, ambaye yeye Mama alimnyang'anya mwanawe mara ya pili. Alitaka kujua kama kule kuna kiti chake.

Ningeweza kumwambia sijui. Ndiyo kweli. Nimesoma, nimesali, nimezika watu wengi kuliko ninavyopenda kuhesabu, na sijui wanakwenda wapi. Mkinibana sana nitasema ninaamini wanalala, na usingizi huo nauonea wivu. Lakini pale uani, na mama yangu akiningoja mdomoni kama walivyoningoja wote mkekani, niliona wazi kwamba hakuna aliyewahi kuniuliza wafu wanakwenda wapi. Kambo hakuniuliza hilo. Kambo alijua fika kwamba mbele yake ameketi mtoto wa miaka tisa anayetaka kwenda kucheza. Alikuwa mama mwenye neno lililomtoka na hana pa kulirudishia, akatafuta mdomo mmoja duniani wenye haki ya kumwambia yameisha, nao ulikuwa wangu, na nikamjibu katekisimu.

Nikaweka kalamu chini. Nikamshika Mama mkono, nikasema:

"Atakupokea muzuri, Mama. Hakukasirika. Alijua uliogopa juu ya mutoto yako."

Kidevu kikatulia. Nilitazamia alie, au aseme amina. Badala yake alininyang'anya mkono wake, akanikazia macho yale ya sokoni, ya mtu aliyepunjwa samaki.

"Kumbe ulijua?" alisema. "Sasa juu ya nini haukusemaka toka zamani?"

Nilimwambia anisamehe, nimechelewa.